Jiwe la Marehemu Kinyozi na Barua Tuliyoombwa Kuigonga Muhuri

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya katibu wa msikiti ni kuandika mihutasari ya vikao, kutunza daftari la michango na kutangaza mazishi baada ya swala. Hayo yote yamo. Lakini sehemu iliyo nzito zaidi katika kazi hii ni kutoa ushahidi. Katibu huandika barua ya kumtambulisha kijana anayekwenda kuposa kijiji cha mbali, huorodhesha mali za marehemu mbele ya warithi, na huthibitisha kuwa fulani ni mjane wa fulani. Barua hizo hugongwa muhuri wa msikiti, na mtu aliye mbali, asiyetujua wala kutuona, huyaamini yaliyoandikwa kwa sababu ya muhuri ule.

Mwaka jana tuliombwa barua kuhusu kitu kidogo mno, kinoo, yaani jiwe la kunolea, tena la kunolea wembe. Tumeonelea tuwashirikishe wasomaji wa ukurasa huu wa familia habari zake, kwa kuwa ni nadra kuikuta nyumba isiyo na kitu cha mzee kilicholala kabatini bila ya mtu kujua ni nini, kimetoka wapi na kina thamani gani.

Sisi tunaishi Kirua Vunjo, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mahali ambapo vihamba vya migomba na kahawa vimeshikana, na ambapo katika ukoo mmoja utawakuta Waislamu na Wakristo wakishirikiana katika misiba na harusi. Mzee wetu aliyefariki, Allah (s.w.) amrehemu, alikuwa kinyozi kwa zaidi ya miaka 40. Wazee wa dini zote mbili walikaa barazani kwake asubuhi wakisubiri zamu. Nyumba ya Kiislamu iliyojaaliwa mtoto ilimwita siku ya saba kwa ajili ya akika. Naye alimnyoa mtoto nywele za kuzaliwa, zikapimwa, na sadaka ikatolewa kwa kadiri ya uzito wake wa fedha, kama ilivyo sunna. Katika miaka yake ya mwisho, kwa kuhofia maradhi yanayoambukizwa kwa damu kama vile ukimwi na homa ya ini, hakumgusa mtoto wala mtu mzima ila kwa wembe mpya wa kutupwa. Wembe wake wa zamani aliubakiza kwa ndevu zake mwenyewe, na hakuacha kuunoa.

Alipofariki aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Tulipokaa na familia kuorodhesha alivyoviacha, tulifungua kisanduku cha mbao kilichokuwa chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na vitu vitatu: wembe wa kinyozi unaojikunja ndani ya mpini wake, mkanda wa ngozi wa kuusugulia, na jiwe lenye urefu wa sentimita 17, upana wa sentimita 4 na unene wa sentimita 2. Jiwe lilikuwa limebonyea kidogo katikati kwa kutumika, na uso wake ulikuwa mweusi kwa mafuta na uchafu wa miaka. Upande mmoja palikuwa na kipande cha karatasi kilichogandishwa kwa gundi, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, kisichokuwa na hata herufi moja inayosomeka.

Mtoto mkubwa alilipiga jiwe picha, na picha ile ikamfikia mnunuzi wa vitu vya kale mjini. Jibu lilirudi siku ile ile. Iwapo hilo ni jiwe la Kijerumani la Escher, na karatasi ile ni mabaki ya nembo ya kampuni hiyo, mnunuzi alikuwa na mteja ng'ambo na angelitoa shilingi 400,000. Ila mteja alitaka uthibitisho wa maandishi kutoka kwa taasisi inayoaminika mahali lilipotoka. Bila ya uthibitisho angelitoa shilingi 30,000. Kijana alitujia akiwa na barua iliyokwisha kuandikwa. Kilichobaki ni saini na muhuri.

Msomaji aelewe uzito wa jambo hili kwa familia ile. Gharama za mazishi na deni la marehemu vilikwisha kulipwa, na kilichouzwa baada ya hapo kilikuwa ni cha kugawanywa. Mjane mwenye watoto na mumewe hupata thumuni, kama ilivyobainishwa katika Suratun-Nisaa aya ya 12. Thumuni ya shilingi 400,000 ni shilingi 50,000. Bibi yule ana maradhi ya presha na hununua dawa kila mwezi. Kwake fedha hizo hazikuwa kidogo.

Tuliomba wiki mbili. Hatukukataa papo hapo, kwa sababu anayekataa bila ya kuchunguza hana tofauti kubwa na anayekubali bila ya kuchunguza. Huenda jiwe lilikuwa kweli la Escher, nasi tungewanyima mayatima na mjane haki yao kwa uvivu wa kutotazama.

Kwanza tulitaka kujua kwa nini mtu wa ng'ambo atafute jiwe la kunolea kwa bei kama hiyo. Sababu iko katika wembe wenyewe. Panga au kisu cha kuchinjia huridhika na jiwe lenye chembe za wastani. Wembe wa kinyozi hauridhiki. Jiwe lenye chembe kubwa huacha mikwaruzo kwenye makali, na mikwaruzo hiyo huwa kama meno madogo yanayochana ngozi badala ya kukata nywele. Jiwe la wembe lazima liwe na chembe laini mno na zinazolingana, na katika maumbile mawe ya namna hiyo hupatikana sehemu chache duniani. Ndiyo maana marehemu hakuruhusu kisu kiguse jiwe lile. Wachinjaji waliomletea visu vyao siku ya kuamkia Idd aliwapa jiwe jingine, kubwa na la kukwaruza, lililokaa nje karibu na pipa la maji. Alikuwa akiwakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha mchinjaji akinoe kisu chake na ampe mnyama wake raha, hadithi iliyomo katika Sahih Muslim kwa mapokezi ya Shaddad bin Aws.

Miongoni mwa mawe ya asili yanayosifika kwa nyembe, matatu yalituhusu. La kwanza hutoka Thuringia, Ujerumani. Ni jiwe la aina ya sleti, ile ambayo wanafunzi wa zamani waliandikia, lakini laini zaidi, lenye rangi inayoanzia bluu ya kijivu hadi kijani kinachoelekea manjano. Kampuni ya J. G. Escher & Sohn ya mji wa Sonneberg iliyauza mawe hayo yakiwa yamebandikwa nembo za karatasi, na jiwe lenye nembo hiyo hupata bei kubwa kuliko ndugu yake asiye nayo. La pili hutoka Ubelgiji, katika milima ya Ardennes karibu na mji wa Vielsalm. Hilo lina rangi ya maziwa au manjano, na nguvu yake hutokana na chembe ndogo sana za ganeti, madini yale yale ambayo kwetu Tanzania huchimbwa kama kito katika bonde la Umba. La tatu hutoka jimbo la Arkansas nchini Marekani, nalo ni la madini ya kwatzi tupu. Nje ya hayo yako mawe ya kiwandani, yaliyoenea baada ya Mmarekani Edward Acheson kuvumbua karborandamu mwaka 1891.

Tulianza na maneno ya watu kabla ya jiwe. Mjane alitueleza kuwa mumewe alilipokea kutoka kwa kinyozi aliyemfunza kazi mjini Moshi, na kuwa kinyozi yule alikuwa akiliita jiwe la Mjerumani. Hilo lingeweza kuwa kweli. Wajerumani walikuwa na boma Moshi, reli yao kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1911, na hawakuondoka hadi Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916. Lakini huku kwetu kila kitu kikuukuu chenye nguvu huitwa cha Mjerumani, liwe daraja, nyumba ya mawe au kufuli. Jina la namna hiyo ni sifa ya uimara, na si lazima liwe habari ya asili. Kisha mtoto mkubwa alitwonesha kuwa wembe umechorwa neno Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu na nyembe. Hiyo ni hoja juu ya wembe. Kinyozi hununua wembe mahali pamoja na jiwe mahali pengine, na kisanduku kimoja hakivifanyi vitu viwili kuwa vya nchi moja.

Ndipo tukalirudia jiwe lenyewe. Tuliliosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, tukiuepuka kabisa upande wenye karatasi. Weusi ulipotoka, rangi yake ikadhihirika: kijivu chenye ukijani, ambacho kililolowa kilionekana wazi zaidi mwangani. Hapo jiwe la Ubelgiji likatoka katika hesabu.

Tuliweka tone la maji juu yake. Tone lilikaa kama lilivyo bila ya kunywewa, ambapo mengi ya mawe ya kiwandani hunywa maji kwa kuwa yana vitundu. Tuliazima kioo cha kukuzia cha fundi saa. Hatukuona chembe zilizoshikishwa pamoja kama zionekanavyo katika jiwe la kiwandani. Tuliona uso mmoja uliotulia, na ubavuni matabaka membamba kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Tuliweka tone la siki pembeni, halikutoa povu, kwa hiyo halikuwa jiwe la chokaa. Tuliwasha tochi ya simu nyuma ya ukingo wake gizani. Jiwe la Arkansas lililo laini zaidi hupitisha mwanga ukingoni. Hili halikupitisha chochote.

Palibaki swali la mlima wetu. Je, haikuwezekana kinyozi wa zamani aliliokota mtoni na kulichonga? Mawe ya Kilimanjaro ni ya volkano. Mengine yana vitundu vya hewa, mengine yana fuwele zinazoonekana kwa macho matupu, wala hayana kurasa nyembamba kama zile. Ukishuka kusini, milima ya Pare na Usambara ina mawe ya kale yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo, yenye chembe kubwa zinazometameta. Jiwe la kisandukuni halikufanana na hayo.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha uzito, nacho kilitufurahisha kwa sababu kina historia katika elimu ya Waislamu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alipima uzito wa vito na madini mbalimbali pamoja na uzito wa maji yaliyosukumwa navyo, ili kukitambua kila kimoja kwa uzito wake. Baada yake Abdur-Rahman al-Khazini aliandika Mizan al-Hikma, yaani Mizani ya Hekima, mwaka 1121, akaeleza namna ya kutengeneza mizani ya kutambulia madini halisi na ya kughushi. Wanavyuoni hao walijua kuwa jicho hudanganyika kwa rangi, na kwamba kipimo kina neno lake.

Njia yenyewe mtu yeyote anaiweza. Binti wa jirani anayeoka keki alituazima mizani yake ndogo ya jikoni. Jiwe likiwa kavu lilikuwa na gramu 363. Kisha tukaweka bakuli la maji juu ya mizani, tukairudisha kwenye sifuri, tukalifunga jiwe kwa uzi na kulizamisha lining'inie bila ya kugusa chini wala ubavu wa bakuli. Mizani ikasoma gramu 132. Huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Tukagawanya 363 kwa 132, tukapata 2.75. Maana yake ni kuwa jiwe ni zito kuliko maji mara mbili na robo tatu. Sleti hukaa kati ya 2.7 na 2.8. Kwatzi tupu ni 2.65. Jiwe la Ubelgiji, kwa sababu ya ganeti, huipita 3.

Mwishoni tulilisugua ncha moja kwa msasa wa maji ulio laini hadi likatoa tope. Tope lilikuwa kijivu kinachokaribia weupe. Hilo halikupingana na jiwe la Thuringia, lakini halikulithibitisha, kwani hata Wales, nchini Uingereza, yamechimbwa mawe ya sleti yenye rangi za namna hiyo na yakauzwa kwa vinyozi. Na Waingereza walikaa Tanganyika hadi mwaka 1961.

Basi baada ya wiki mbili tulikuwa na mambo tuliyoweza kuyatolea ushahidi, na mpaka wake ulikuwa wazi. Lilikuwa jiwe la asili, si la kiwandani. Lilikuwa la aina ya sleti, laini, la namna inayotumika kwa nyembe. Halikuwa la Ubelgiji wala la Arkansas, na halikufanana na mawe ya mlima wetu. Lingeweza kuwa la Thuringia. Jina la kampuni halikuwa na ushahidi wowote ila kipande cha karatasi kisicho na herufi.

Kamati ilipokutana, maneno hayakuwa laini. Mtoto mkubwa alisema, "Ustadhi, karatasi ya nembo ipo. Kampuni ile iliweka nembo. Nani atakayekuja kutoka ng'ambo hadi Kirua kuuliza?" Mjumbe mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, akamuunga mkono kwa hoja ya huruma: mnunuzi ni tajiri, mteja wake ni tajiri zaidi, na mjane wetu ni maskini, neno moja katika barua halitamuumiza yeyote, na litamnunulia bibi dawa.

Hoja hiyo ni tamu, na ndiyo inayotumiwa zaidi katika misikiti na ofisi zetu pale muhuri unapotakiwa uende mahali usipostahili. Lakini Qur'an imekwisha kuijibu. Katika Suratun-Nisaa aya ya 135 waumini wameamrishwa wasimamishe uadilifu wawe mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zao, wazazi au jamaa zao; na aya ikaongeza jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba anayetolewa ushahidi awe tajiri au awe fakiri, Allah ni bora wa kuwaangalia wote wawili. Utajiri wa mnunuzi haumfanyi awe halali ya kudanganywa. Umaskini wa muuzaji haumpi haki ya kuuza jina asilolijua. Na katika Suratul-Israai aya ya 36 tumekatazwa kuyafuata tusiyo na elimu nayo. Anayeandika "Escher" juu ya karatasi tupu ameyafuata asiyo na elimu nayo, hata kama kwa bahati jiwe likawa la Escher kweli.

Liko pia suala la biashara yenyewe. Sheria imekataza kuuza kwa gharar, yaani kuuza kilichofichikana hali yake. Na Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, hakumwachia muuzaji udhuru wa mvua, alimuuliza kwa nini hakuweka kilicholowa juu ili watu wakione. Barua yetu ilipaswa kuweka juu kilicholowa.

Tukamgeukia mjane, kwa kuwa jambo lilikuwa linasemwa kwa jina lake na yeye alikuwa kimya. Akasema, "Wanangu, mume wangu hakuwahi kuapa kuwa jiwe hili ni la nani. Alikuwa akisema linanoa. Andikeni hivyo alivyokuwa akisema."

Tuliandika hivi: "Jiwe hili ni la marehemu kinyozi wa Kirua Vunjo, aliyelitumia kwa wembe kwa miaka mingi. Tumelichunguza na kulipima. Ni jiwe la asili la aina ya sleti, lenye chembe laini, na uzito wake kulinganisha na maji ni 2.75. Familia imepokea kwa simulizi kuwa ni la Kijerumani. Kipande cha karatasi kilichopo hakina maandishi. Hatuna ushahidi wa kampuni iliyoliuza." Tukatia saini na kugonga muhuri.

Mnunuzi alirudi kwenye shilingi zake 30,000. Familia ikakataa. Baada ya mwezi mmoja kinyozi kijana wa mjini Moshi, anayenyoa ndevu kwa wembe wa mkono na anayejua kuunoa, aliomba alijaribu jiwe. Alilisawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, akaunoa wembe wake kwa maji tu, akausugua kwenye mkanda wa ngozi, kisha akanyoa nywele za mkono wake mbele yetu. Hakutuuliza habari za nembo. Alitoa shilingi 80,000 kwa mafungu mawili, na alilipa yote.

Thumuni ya shilingi 80,000 ni shilingi 10,000. Tofauti na ile iliyotarajiwa ni shilingi 40,000, na hatukumficha bibi hesabu hiyo. Pale kikaoni tulisema, na tunarudia hapa, kuwa haja ya mjane ina mlango wake, nao ni mifuko yetu. Ikiwa kamati inamhurumia, na itoe. Aliyetetea barua ya uongo kwa huruma ndiye tuliyemwomba afungue mchango, na tunashuhudia kuwa alifungua kwa mkono mkunjufu. Mfuko wa sadaka wa msikiti sasa unachangia dawa za bibi kila mwezi, na jambo hilo limeandikwa katika daftari. Mtoto mkubwa bado salamu yake kwetu ni fupi. Tunamwombea, na tunamwelewa, kwani alikuwa akimtafutia mama yake.

Kwa familia zinazosoma makala haya, tunausia mambo machache. Kikipatikana kitu cha mzee msichojua ni nini, msikitenganishe na kisanduku chake wala na vitu vilivyokuwa pamoja nacho. Msikikwangue wala kukiloweka kabla ya kukitazama kila upande, kwani karatasi kuukuu ikiondoka hairudi. Kipimeni urefu, upana na uzito, hewani na majini ikiwa ni jiwe. Andikeni mbali mbali mambo matatu: mliyoyaona kwa macho, mliyoyapima, na mliyosimuliwa. Hayo matatu yasichanganywe, maana simulizi ikishaandikwa kama kipimo, mtoto wa mtoto ataiapia.

La muhimu kuliko yote, waulizeni wazee wangali hai. Kuuliza si ujinga. Marehemu kinyozi alikaa barazani miaka yote ile na jiwe lake mkononi, watu wakimpita kwenda msikitini na kurudi. Swali moja lingelitosha kutupa jina la kinyozi aliyemfunza, duka lilikonunuliwa na mwaka. Sasa jibu hilo liko kaburini pamoja naye.

Allah (s.w.) amrehemu mzee wetu, ampe mjane wake afya, na aifanye mikono yetu kuwa miepesi katika kutoa na mizito katika kugonga muhuri juu ya tusiyoyajua. Amin.